Tuliwasha friza kwenye mashua ya tanga kwa umeme wa gati ya Mtwara, enzi za ujamaa

Wakuu, kwema huko mliko?

Juzi nimepita humu nikakuta kijana kauliza swali la maana kabisa. Eti mtu akiwa na boti ya tanga, anaweza kufunga gatini akavuta umeme wa nchi kavu, akawasha friji na vikorokoro vingine?

Majibu aliyopewa, mtihani. Mmoja kamwambia ataungua. Mwingine kasema hayo ni mambo ya Wazungu wenye boti nyeupe. Mwingine kaingiza siasa, sijui kafikaje huko.

Nilicheka peke yangu mpaka mjukuu akatoka chumbani kuja kuniangalia kama niko salama.

Sisi tulifanya, wakuu. Mtwara, miaka ya vijiji vya ujamaa, mashua ya mbao, tanga la kitambaa cha merikani. Hii siyo chai. Kwa umri huu nikiwadanganya napata nini? Vuteni viti, na anayetaka kunikatiza asubiri nimalize, maana nina gubu.

Kijiji chetu kilikuwa chini ya Mahurunga, kule Ruvuma inakomwaga maji baharini. Ng'ambo ya mto, Msumbiji, vita vilikuwa vimeshakwisha, tunalala usingizi wa kueleweka. Wengi wetu tulikuwa wakulima wa muhogo na korosho, tumesogezwa pale tukachanganyika na wenyeji wanaoijua bahari.

Mimi nilikuwa kijana, baharia kwenye mashua ya kijiji. Tulikuwa tunapeleka makopa Mtwara mjini, tunarudi na mafuta ya taa na sabuni, vikiwepo. Kwa wasiojua, makopa ni muhogo uliomenywa ukaanikwa mpaka ukauka kau. Shikeni hilo, tutalihitaji mbele.

Kikundi cha akina mama kilikuwa chini ya Shangazi Somoe, dada yake baba yangu. Mwanamke mfupi, sauti kubwa, hana dogo. Akikutuma kitu ukasema "baadaye", utajuta.

Sasa mwaka huo mkoa ukashindanisha mashamba ya vikundi. Shamba la muhogo la akina mama likawa la kwanza. Tukaambiwa zawadi iko njiani. Sisi tunawaza majembe, labda baiskeli.

Siku ya siku lori likaja, likashusha friza.

Friza, wakuu! Kijiji kizima hakina hata waya mmoja wa umeme. Taa yetu koroboi. Mgeni rasmi akahutubia, akapeana mkono na Shangazi, akapanda gari lake akaondoka. Tukabaki tumeizunguka tunaitazama. Bibi mmoja aliuliza kwa heshima kabisa kama ndiyo ya kuwekea maiti.

Mwenyekiti wa kijiji hakuchelewa. Simsemi vibaya, marehemu alikuwa mchapakazi, na ghala letu la korosho lilikuwa linavuja kweli. Akapata watu mjini waliokuwa tayari kuichukua ile friza na kutupa mabati. Akaitisha mkutano, akasema lori litakalokuja kuchukua korosho litaondoka nayo.

Shangazi akasimama.

Akasema, ndugu zangu, mdomo wa Ruvuma una kamba mmoja anajaza kiganja. Tukiwavua asubuhi, jua likipanda kidogo wameshanuka. Tunawachemsha tunawaanika, wanakuwa vidude vya kutilia mchuzi. Mjini watu wanawataka wabichi hawawapati. Mashua yetu kila safari inalala gatini Mtwara, na gatini kuna umeme. Basi friza ipande mashua. Igandishe barafu kule, barafu ije huku, kamba wapande juu ya barafu warudi mjini wabichi.

Mkutano mzima uliangua kicheko. Mwenyekiti alicheka mpaka akavua kofia kujipepea.

"Dada Somoe," akasema mbele ya watu wote, "siku utakayoshusha barafu kwenye mashua ile, naibeba mimi kichwani kutoka pwani mpaka ofisini!"

Shangazi hakucheka. Akawageukia watu. "Mmesikia?"

"Tumesikiaaa!"

"Haya. Nipeni mpaka lori litakapoondoka."

Basi mambo yakakaa hivyo. Barafu ifike kabla lori halijaondoka, au friza iende mjini ikabadilishwe mabati. Tunatoka mkutanoni Shangazi akaniambia, "Wakiichukua hii, mwakani nikiwaambia akina mama tulime, watalima kwa sababu gani?" Alikuwa na machozi ya hasira. Mimi sijawahi kumuona vile, nikaangalia chini.

Tuje kwa Nahodha Mfaume, mwenyeji wa pwani, mkuu wa mashua yetu. Wakuu, kama kuna mtu msafi aliyewahi kupanda chombo, ni huyo. Kamba zake zote zilikunjwa mviringo, duara juu ya duara, upande mmoja tu wa kuzungusha. Ukiiacha kamba imelala ovyo, atakutukana wewe na aliyekufundisha kutembea.

Mwanzo aliigomea friza. "Hiki ni chombo au duka?" Lakini alipokumbushwa ahadi ya Mwenyekiti, akatabasamu kidogo. Na yeye alitaka kuyaona hayo. Tukaipakia kwa miti na kelele nyingi, tukaifunga katikati ya mashua kwa kamba za kukunjwa vizuri sana, tukang'oa nanga.

Mtwara tukaanza kuhangaikia waya. Miaka ile kupata waya ilikuwa kazi, hata sukari yenyewe ya foleni. Tukazunguka mitaa ya Chikongola mpaka miguu ikawaka. Mwisho mwenye duka mmoja, Mhindi wa Mikindani, akatutolea rundo la waya mwembamba kutoka stoo. Akatuonya, "Huu wa taa, ndugu. Msiubebeshe mzigo." Tukaitikia ndiyo ndiyo, kama vijana wanavyoitikia.

Gatini msimamizi alikuwa Bwana Issa, mtu wa suruali ya mkunjo na redio mezani. Shangazi akamwingia kwa lugha ya wakati ule: "Ndugu Issa, sisi ni kijiji cha kujitegemea. Hatuombi kitu ila soketi." Bwana Issa alicheka, akatuonyesha soketi ya ukutani kwenye banda lake. Ilikuwa alasiri.

Tukavuta waya kutoka bandani mpaka kwenye mashua, tukachomeka.

Friza ikanguruma!

Nawaambia ukweli, nilipiga kelele. Shangazi akaweka kiganja kwenye ubavu wa friza kama anapima homa ya mtoto. Tukajaza madebe ya maji, tukayapanga ndani, tukafunga mfuniko.

Na hapo ndipo tulipoharibu, wakuu. Umeme ulitulewesha. Baharia wa chombo cha jirani akaja na jiko lake la umeme, eti tuchemshe chai mara moja tu. Tukamkubalia. Nahodha akakumbuka kwamba kesho ni Ijumaa, akaazima pasi ya umeme mtaa wa Rahaleo, akaja kunyoosha kanzu ya msikitini juu ya magunia. Friza inanguruma, chai inachemka, pasi inapita. Tulijiona tuko Ulaya.

Waya ulikuwa mrefu kuliko umbali wenyewe. Ule uliobaki Nahodha hakuweza kuuvumilia. Akaukunja mviringo, duara juu ya duara, safi kabisa, akaufunga katikati kwa kikamba, akauweka chini ya magunia ya makopa usikanyagwe wala usirukiwe na maji ya chumvi. Akarudi nyuma kuutazama. Aliridhika.

Chai haijafika vikombeni, harufu ikatoka. Kisha moshi. Kisha paaa!

Banda la Bwana Issa likazima lote. Feni ikasimama. Redio ikakata, na ilikuwa inatangaza mpira. Nani alitufundisha kukata mpira wa mtu?

Mimi nikanyanyua ndoo ya maji ya bahari nimwagie ule moshi. Shangazi akanidaka mkono. "Chomoa kwanza, mwehu wewe!" Nikakimbia nikachomoa. Alinirudishia maisha yangu siku ile, nalijua hilo.

Bwana Issa akatoka na jasho lake. Alitusema kwa Kiswahili, akatusema kwa Kiingereza cha ofisini. Akamaliza kwa kusema hataki kuona waya wetu unaikaribia soketi yake. Na hapo hapo, kama haitoshi, tukamkuta dereva wa lori la korosho amekuja kuomba moto wa sigara. Akatuambia keshokutwa anaondoka kwenda kwetu, na ameagizwa friza.

Nahodha alikaa kwenye fashini, nyuma kabisa ya mashua, kanzu ina doa la pasi mgongoni. Mimi nilishaanza kuona mabati yakipanda juu ya ghala.

Shangazi yeye alivuta magunia, akautoa ule waya, akaushika mkononi akaugeuza geuza. Akaniita.

"Tazama hapa. Kutoka bandani mpaka kwenye mashua, waya huu huu, moto ule ule wa umeme. Umeungua?"

Nikautazama. Ulikuwa mzima, hata rangi haijabadilika.

"Na huu wa kwenye duara?"

Wakuu, ule mkunjo ulikuwa umeshikana wote. Nje afadhali, lakini katikati plastiki ilikuwa imeyeyuka ikawa kitu kimoja.

Shangazi akapiga paja. "Haya si makopa?"

Sikumwelewa. Akanifokea kidogo kisha akaeleza. Muhogo mbichi ukiumenya ukaurundika, hata siku isipoisha, ukitia mkono katikati ya rundo unakuta moto. Nje baridi, ndani moto, muhogo unaoza. Ule ule muhogo ukiutandaza juu ya mkeka, kila kipande na nafasi yake, hakuna moto wala nini. "Waya nao una joto lake unapofanya kazi. Ukiutandaza, joto linatoka. Ukiurundika, linakwenda wapi? Halafu nyinyi mkaufunika na magunia, mkaubebesha na pasi!"

Nahodha alisikia kila kitu. Nikangoja alipuke.

Hakulipuka. Alisema kitu kimoja tu, kwa sauti ya chini: "Somoe, mimi siachi waya umelala ovyo kwenye chombo changu. Nitakufa kwa aibu." Nawaapia, alikuwa anamaanisha. Mtu yule kuacha kitu hakijakunjwa ilikuwa kama kumwambia atoke nje bila nguo.

"Basi utandaze kwa adabu," Shangazi akamjibu. "Wewe ndiye nahodha."

Kisha akapanda ngazi za gati kwenda kwa Bwana Issa. Mimi nyuma yake. Bwana Issa alikuwa amerudisha fyuzi, mpira umeshaisha, na timu yake imefungwa. Wakati mbaya kuliko wote.

Shangazi hakuomba kwa kulia. Alimwonyesha waya mzima na waya ulioyeyuka, akamweleza ya makopa. Bwana Issa akauchukua, akaunusa. Kisha Shangazi akasema, "Safari hii friza peke yake. Hakuna chai, hakuna pasi. Taa yako ikizima tena, friza nakuachia hapa hapa gatini, mimi narudi nyumbani mikono mitupu."

Ile friza ndiyo ilikuwa kila kitu chake.

Bwana Issa akamtazama. Akasema, "Na mimi nitakuja kuutazama huo waya kwa macho yangu kabla hamjachomeka."

Tulikata sehemu iliyoungua tukaitupa. Tukaunganisha vipande vizima na kuvifunga kwa mpira wa tairi la baiskeli, maana utepe haukuwepo. Sasa ziada ya waya ikawa ndogo. Maji yakijaa mashua inapanda, waya unazidi, na kuurundika tena hatuthubutu. Maji yakipwa mashua inashuka chini ya gati, unakaza kama uzi wa ndoano.

Na hapa, wakuu, ndipo Nahodha Mfaume alipokuwa nahodha.

Aliishusha foromali, ile boriti ndefu inayoshika tanga, ikalala kando kando ya mashua. Akauning'iniza juu yake waya uliozidi kwa mikono mirefu, unashuka unapanda, unashuka unapanda, kila mkono mbali na mwenzake kwa shubiri ile ile. Hakuna ulipogusana. Hakuna ulipogusa maji. Alipomaliza ulikuwa umetandazwa, na ulikuwa nadhifu kuliko kamba zake zote.

Bwana Issa akaja, akatembeza macho mwanzo mpaka mwisho. "Nani kafanya hii?" Nahodha akajifanya anaangalia mawingu.

Tukachomeka. Friza ikanguruma. Taa za gati zikabaki zinawaka. Bwana Issa akafungulia redio kwa sauti, ilikuwa muziki sasa.

Tangu saa ile Nahodha hakutoka kwenye kamba za gati, ila kwa swala ya Ijumaa. Maji yakishuka, anafungua mkono mmoja wa waya, analegeza kamba huku anavuta kule. Yakipanda, anafanya kinyume chake, mashua isiuvute waya hata kidogo. Ukimwambia apumzike anakufukuza. Mimi kazi yangu ilikuwa kupitisha mkono kwenye waya, kuusikiliza kama una moto. Ulikuwa wa uvuguvugu tu, mwanzo mpaka mwisho.

Keshokutwa yake, siku ya lori kuondoka, jua lilipochomoza Shangazi akafungua mfuniko.

Wakuu, madebe yalikuwa yamekuwa mawe. Meupe, yamevimba juu. Shangazi alipiga vigelegele peke yake gatini, wapakizi wote wakageuka. Nahodha akagonga barafu kwa kiungo cha kidole, mara tatu, kama anabisha hodi. Bwana Issa akapewa kipande, akakitia kwenye chai yake ya moto, sijui kwa nini, labda furaha.

Tukachomoa, tukajaza maranda ya mbao kuzunguka madebe, tukafunga mfuniko kwa kamba, tukatweka tanga. Upepo ulitupenda siku ile.

Tulipofika pwani yetu, lori lilikuwa limeshafika ofisini. Mwenyekiti alikuwa ufukweni na vijana wenye nguvu, tayari kuishusha friza. Kijiji kizima kilikuwa pale, na wengine walishaanza kucheka kabla hatujatia nanga.

Shangazi akafungua mfuniko. Ukungu mweupe ukatoka.

Kicheko kilikatika kama kimekatwa na panga.

Mimi na Nahodha tukalipindua debe moja, barafu ikatoka nzima, ina umbo la debe. Tukaishusha mpaka mchangani. Watoto walikimbia, wakarudi, wakakimbia tena.

Shangazi hakusema neno la kejeli, na alikuwa nayo mengi, namjua. Alivua kanga yake ya juu, akaikunja ngata, akamwendea Mwenyekiti akamwekea kichwani taratibu kama anamvisha kofia.

"Ndugu Mwenyekiti," akasema, "tulisikia wote."

Wakuu, yule mzee alikuwa mwanaume. Angeweza kusema ulikuwa utani. Aliinama, akasema, "Nitwikeni."

Tukamtwika.

Akaondoka. Njia ya kutoka pwani mpaka ofisini inapanda, na jua lilikuwa kali. Maji yanamtiririka masikioni, yanaingia kwenye kola, shati limegandana na mgongo, meno yanagongana, na hakusimama hata mara moja. Nyuma yake akina mama wa shamba la muhogo, wote, vigelegele mpaka ng'ambo ya Ruvuma walisikia. Nahodha alikuwa nao, kanzu ya doa na yote. Mimi nililia, sioni aibu kusema.

Ofisini dereva wa lori alikuwa ameegemea mlango. Mwenyekiti akamsimamia mbele, barafu bado kichwani.

"Pakia korosho uende," akamwambia. "Mabati tutayatafuta kwingine. Friza ina kazi."

Ndipo akakubali kutuliwa mzigo. Akaomba panga, akavunja kipande cha kwanza, akampelekea mama yake mzazi, bibi kikongwe aliyekuwa amekaa kibarazani. Ndiye yule bibi aliyeuliza habari za maiti. Akakishika, akapiga ukelele kwamba kinamuunguza, kisha akakataa kabisa kukirudisha.

Kamba wa kwanza walifika Mtwara wiki ile ile, wanang'aa, kama wametoka majini saa hiyo. Bwana Issa alikuwa wa kwanza kujaziwa bakuli. Na mwaka uliofuata Shangazi alipowaambia akina mama tulime, shamba halikutosha watu.

Basi kijana uliyeuliza, jibu lako ni hilo. Inawezekana. Lakini usifanye kama sisi. Siku hizi kuna waya wa kazi hiyo, kuna plagi zisizoingiza maji, kuna breka zinazokata umeme ukivuja. Viungo vya mpira wa baiskeli juu ya maji ya chumvi ni kumtania Mungu. Acha urefu wa kutosha maji yakipwa. Usirundike vifaa kwenye waya mmoja. Na waya wako, mrefu au mfupi, wa boti au wa sebuleni, utandaze.

Shangazi Somoe aliishi mpaka umeme ukafika kijijini. Uzeeni alikuwa na tabia moja iliyowachosha wakwe: akiingia nyumba ya mtu, kabla ya salamu ya pili anatafuta extension ilipo. Akiikuta imekunjwa nyuma ya friji, anakaa chini na miguu yake mibovu anaikunjua mkono mmoja mmoja, ndipo anakubali chai.

Nyanyukeni mkashike za kwenu, halafu mrudi hapa mniambie mmezikutaje. Wa kubisha pia mnakaribishwa, ila mwende kuzishika kwanza.